Hukufanya Makusudi

Masengo, binti yangu, mama yangu,

Mama yako amenipa kalamu na karatasi, akavuta kiti, akaniambia niketi nisiinuke. "Andika," amesema. "Mudomo yako inajua kuhubiri tu. Labda mukono itakuwa na haya kidogo." Basi nimeketi. Wewe na mdogo wako mko chumba cha pili mnakunja nguo, nawasikia mnacheka, na mimi hapa nimekwisha kuharibu karatasi, maana kila nikianza najikuta nasalimia kama niko mbele ya kanisa. Nitaacha salamu, niingie moja kwa moja.

Mambo ya safari hayamo humu. Chakula cha njiani, simu ukifika Lubumbashi, nguo za baridi, watu wa kuogopa na watu wa kuheshimu, yote mama yako amekwisha kukuambia, na kesho kituoni atayarudia mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu. Hukufanya makusudi. Clarisse alipoanguka kwenye mbio za baiskeli kule Panda, hukufanya makusudi, na mimi nilijua hivyo kabla hujaitwa mbele ya kamati. Nilijua, nikakuambia useme kinyume. Tangu siku ile sijakutamkia neno hilo. Nimejaribu. Juzi nilikufuata mpaka bombani nikiwa nimejipanga kabisa, ukageuka ukaniuliza, "Papa, unataka ndoo?" Nikasema ndiyo. Nikabeba ndoo mzee mzima, nikarudi nayo nyumbani, na maneno yangu bado yako tumboni.

Nina haya, Masengo. Naliandika neno hili mapema ili nisije nikalifunika na maneno mazuri baadaye. Unanijua.

Ngoja nikueleze nilivyoingia kwenye ile kamati, maana ulikuwa mdogo. Mimi sikushindana kwa baiskeli hata siku moja. Baiskeli yangu ilikuwa ya makala, ya kubebea makaa ya kuuza. Nilitoka nayo upande wa Kapolowe na magunia yamepandana mpaka yananizidi urefu, nikiisukuma zaidi ya kuipanda, malori yakinipigia honi mgongoni. Mbio nilizitazama pembeni mwa barabara kama watu wengine. Lakini chama cha mbio kilikuwa na taabu, vijana walikuwa wanaendesha ovyo. Mmoja anaacha mstari wake bila kuangalia nyuma, mwingine anambana mwenzake ukutani, mwingine anavuta jezi. Wakaunda kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wake, yule tunayemwita Prezida, ambaye alikuwa akinunua unga kwetu sokoni, akasema, tumchukue Papa Masengo, ni mzee wa kanisa, hanywi bia, hanunuliki. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitafuta kalamu ya kuchomeka mfukoni mwa shati, kalamu iliyokauka wino, ya kuonekana tu.

Prezida alinieleza kwamba mtu akimwangusha mwenzake kwenye mbio, kamati inatafuta kujua jambo moja kwanza. Je, alimwona? Kama hakumwona, hilo ni kosa la kutoangalia. Anasimamishwa mbio chache, anakaa nje, anarudi amejifunza. Kama alimwona akamfungia njia, hilo ni kosa la makusudi. Anafungiwa msimu mzima, hapelekwi popote kushindana, na kabla ya mbio zinazofuata jina lake na kosa lake vinasomwa kwenye megafoni mbele ya watu wote. Nilisikia vizuri, nikaelewa. Lakini kichwani mwangu kulikuwa tayari na sheria nyingine, ya zamani zaidi.

Kabla sijamwoa mama yako nilikwenda kuchimba madini Shinkolobwe. Palikuwa pamefungwa, tuliingia kwa kujificha kama vijana wengine, tukaogopa, tukatoka. Habari zikafika kanisani zikiwa zimenenepa njiani: eti tulichimba, tukanywa, tukalala na wanawake. Tukaitwa mbele ya wazee, mimi na rafiki yangu. Mimi nilisema kama ilivyokuwa. Kuchimba ndiyo, pombe hapana, wanawake hapana. Rafiki yangu alipiga magoti akalia, akakubali yote, hata yale ambayo sisi wawili tulijua hayakuwapo. Yeye alirudishwa kwenye kwaya upesi, watu wakamshangilia. Mimi nikaambiwa bado najificha. Niliwekwa benchi la nyuma, bila meza ya Bwana, bila kuimba, na kina mama wakiwakataza binti zao kunipa mkono. Nilikaa pale mpaka nikachoka na ukweli wangu. Siku moja nilisimama nikakubali vyote, pombe na wanawake pia, na Jumapili iliyofuata nilikuwa mbele, naimba.

Hilo ndilo somo nililotoka nalo ujanani, na ndilo nililokulisha wewe. Ukishtakiwa, kubali. Usipime. Kubali yote, ongeza na kidogo, huruma itakuja.

Unakumbuka redio? Nilirudi nikaikuta sakafuni imepasuka, nikawapanga wote mstari mmoja, nikasema atakayejitaja wa kwanza simpigi. Ukatoka wewe. "Ni miye, papa." Nilikunyanyua juu, nikakupa kitumbua, nikawaambia wenzako waige mfano wako. Baadaye mama yako akamkuta kuku juu ya rafu ilipokuwa ikikaa redio, anapiga mabawa kati ya vikombe, tukaelewa nani alikuwa na tabia ya kupanda kule. Nilicheka sana. Niliwasimulia wazee wenzangu kama kichekesho, kwamba mtoto wangu anatubu hata dhambi za kuku. Wakacheka nao. Mtoto alikuwa amejifunza kujisingizia ili baba yake amnyanyue juu, na sisi watu wazima tumeshika mbavu.

Kwenye kamati niliendelea vilevile. Kabla ya kijana kuitwa, nilimvuta pembeni, nikamwambia akubali yote, aombe pardon, alie kama machozi yapo. Makosa yalikuwa madogo, kiwiko hapa, jezi pale, hakuna aliyevunjika kitu. Prezida naye ni mtu wa kanisa, akiona machozi analegea, anatoa onyo tu. Watu wakaanza kusema kamati ya Papa Masengo ina huruma, na mimi nikavimba kichwa. Sasa nikikumbuka, naona wale vijana hawakujifunza kitu kwangu. Mtu aliyekwisha kukubali kila kitu hana haja ya kujua alikosea wapi hasa. Mbio zilizofuata alikuwa anaacha mstari wake tena, na mimi namvuta tena pembeni.

Halafu ikaja siku ya Panda. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya mwisho na kitambaa cha kamati mkononi, kwa hiyo mimi niliona. Bomba lilikuwa limepasuka, maji yamefanya dimbwi upande wa kushoto, karibu na ukuta wa karakana za zamani. Ulitoka kwenye kona ukiwa mbele, ukaliona dimbwi ghafla, ukahamia kulia. Kichwa chako hakikugeuka hata kidogo. Clarisse alikuwa amekwisha kufika ubavuni mwa gurudumu lako la nyuma. Gurudumu lake la mbele likagusa lako, akaruka juu ya usukani, akaangukia bega. Wewe hukujua kitu mpaka ulipovuka mstari ukaona watu hawapigi makofi.

Na wiki ile mlikuwa mmegombana. Yule mwalimu wa mbio wa Lubumbashi, yule mama, alikuwa achukue msichana mmoja tu wa Likasi, ama wewe ama Clarisse, na mji mzima ulijua. Hata kabla Clarisse hajainuliwa, pembeni mwa barabara wakaanza kupiga kelele: "Amemuangusha! Ni juu ya Lubumbashi!"

Jioni ile ulikaa kwenye ngazi ya nyuma, hujavua hata jezi, vumbi limekauka usoni. Ukaniambia, "Papa, sikumuona. Kweli ya Mungu, sikumuona ata kidogo."

Nilipaswa kukujibu kwamba uende ukaseme hivyohivyo, na uongeze kuwa hukuangalia, kwa sababu hapo ndipo ulipokosa. Nisingehitaji zaidi. Badala yake nilikaa karibu nawe, nikatoa ile sauti yangu ya kichungaji.

"Kesho ukisema haukumuona, batasema unajificha. Lia, omba pardon, sema ulifanya makusudi. Batakusamehea."

"Mais papa, haikuwa makusudi."

"Weye sema tu. Mi njo najua ile komite."

Hukubisha tena. Nilidhani ni utii. Nilikusifu hata moyoni.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Safari hii palikuwa na mgeni, mjumbe wa mbio kutoka Lubumbashi, amekuja kwa sababu msichana amevunjika mfupa wa bega. Mama yake Clarisse alikuwa amesimama mlangoni na kitenge amekikaza kiunoni. Prezida akaniambia kwa heshima, "Papa Masengo, toka kidogo. Ni mutoto yako." Na mimi, mbele ya mgeni, nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka uwanjani, "Apana, Prezida. Sheria ni sheria, ata kwa mutoto yangu. Ninabakia." Wakanitazama kwa heshima. Nilipenda walivyonitazama, na nakuandikia hilo kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko mengine.

Ukaulizwa. "Masengo, Clarisse alikuwa nyuma yako. Ulimuona, ao haukumuona?"

Ukaanza, "Sikumu..." kisha macho yako yakanitafuta. Nikainamisha kichwa, kidogo tu. Hakuna aliyeona ila wewe. Ukasema, "Nilimuona. Nilifanya makusudi. Munisamehee."

Mama yake Clarisse aliguna kama mtu aliyepigwa. Mimi nikangoja huruma ije. Prezida aliweka kalamu chini, akanitazama mimi badala ya kukutazama wewe, kama mtu anayetaka nimsaidie, kwa maana naye alikuwa na mashaka. Nikamkazia macho. Kisha mgeni akasema, "Bon. Amesema yee mwenyewe." Na baada ya hapo ikabaki kusoma sheria.

Hapo ndipo nilipaswa kusimama na kusema ni mimi niliyemfundisha kusema vile. Mdomo ulikuwa wangu, miguu ilikuwa mizima. Sikusimama, kwa sababu wangejua kwamba mtu wa haki, mwenye kalamu mfukoni, huwa anawalisha vijana maneno kabla ya kikao. Prezida akasema anayekubali adhabu anyooshe mkono. Nilinyoosha. Tena nilinyoosha wa kwanza, Masengo, ili wote waone.

Mengine unayajua kuliko mimi, maana yalikuangukia wewe. Jina lako lilisomwa kwenye megafoni, kosa la makusudi, na wewe umesimama kati ya watu umeshika mkono wa mdogo wako. Yule mwalimu wa Lubumbashi akamchukua msichana wa Kolwezi. Wewe ukatundika baiskeli ukutani, ukaenda kupima unga sokoni na mama yako. Watoto wa mtaa wakakupa jina, wakawa wanakuita Makusudi. Nililisikia jina hilo kwa masikio yangu, nikipita na Biblia kwapani, nikajifanya kiziwi.

Na Jumapili ile mchungaji akanisimamisha mbele, akasema hapa pana baba asiyependelea hata damu yake. Kanisa likasema amina. Nikainama kwa unyenyekevu, ule unyenyekevu wangu ninaoujua vizuri. Mama yako hakusema amina. Tulipofika mlangoni akanigeukia. "Weye ulikamata amina juu ya mutoto yako," akasema, akaingia ndani. Nilimwambia haelewi mambo ya kamati. Hilo nalo nililisema.

Sasa nakuja kwa jambo usilolijua. Siku zile za mwisho wa mvua, wewe ukiwa sokoni, Clarisse alikuja nyumbani. Bega lilikuwa limepona, ila mkono bado anaubeba kwa uangalifu. Nilimpa kiti akakataa.

"Papa Masengo, minakuja kuuliza kintu moya," akasema. "Masengo aliniambia mu macho yangu asema alifanya makusudi. Mi niliacha kuongea naye. Mais mi njo nilikuwa nyuma yake. Muntu mwenye kutaka kukufungia njia, anaangalia kwanza weye uko wapi. Masengo hakuniangalia. Kinga yake, ile baiskeli, iliingia tu upande yangu, yee anaangalia maji. Sasa, juu ya nini alisema vile?"

Mtoto wa watu, aliyevunjwa mfupa, alikuwa anakutetea kwenye nyumba yako mwenyewe, na baba yako anatafuta pa kuweka mikono. Nilimwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, kabla ya mama yako, kabla yako wewe, na najua utaumia ukisoma hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Papa, samahani, weye ni mukubwa. Mais mi nilimuchukia rafiki yangu wakati yote ile juu ya bule?" Hakungoja jibu. Mlangoni akageuka akauliza, "Ni weye utamuambia, ao ni miye?" Nikamwomba aniachie mimi. Ameniachia mpaka leo. Ndiyo maana ulimwona sokoni akikukaribia, halafu akaishia kwenye meza ya nyanya. Alikuwa anatimiza ahadi aliyompa mwoga.

Kesho asubuhi atakuwa kituoni. Amemwomba mama yako ruhusa. Sina haki ya kukuomba kitu, lakini huyo umsikilize.

Baada ya siku ile nilikwenda kwa Prezida, dukani kwake. Nilimweleza yote, hata jinsi nilivyoinamisha kichwa. Alianza kupanga makopo ya maziwa ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. "Nilijua kuko kintu," akasema. "Mais wakati ya kukata rufaa ilishapita. Na mukono yako ilikuwa ya kwanza. Tukisoma kintu ingine kwa megafoni, bantu batasema komite inacheza." Nikamwomba, nikamwomba tena. Alichoweza kunifanyia ni kunitoa kwenye kamati, nami nikashukuru. Adhabu yako imekwisha kwa sababu msimu umekwisha, lakini lile neno halikufutwa. Linatembea midomoni mwa watu wa mbio kutoka hapa mpaka Lubumbashi, na mimi ndiye niliyelipatia miguu.

Halafu nikafanya jambo lingine, labda umesikia nusu yake. Jumapili ile ulipokuwa Kapolowe kumuaga bibi yako, nilisimama kanisani nikaanza kuungama habari hii. Nilitaka waniweke benchi la nyuma. Nakuambia kweli, nililitaka lile benchi. Nilikuwa sijafika hata mwisho, bado niko kwenye habari ya ngazi ya nyuma na jezi yako ya vumbi, wakaanza kupiga makofi. Haleluya kushoto, haleluya kulia. Mchungaji akanikumbatia, akasema huu ndio moyo uliopondeka. Mzee mmoja akanikabidhi sala ya kufunga ibada. Nilisamehewa palepale, nimesimama, nimevaa suti. Na wewe, ambaye kosa lako lilikuwa kutogeuza shingo, bado unaitwa Makusudi mtaani.

Niliifunga ibada ile. Sikuweza hata kukataa. Lakini nilipokuwa nimefumba macho mbele yao ndipo nilipoona jinsi nilivyokuharibia. Maisha yangu yote nimekuwa nikinunua huruma kwa kukubali, na kukubali hakukunigharimu kitu. Benchi lile la ujana lilinitisha kiasi kwamba nimeishi kwa kulikimbia, na siku ya kulikalia ilipofika, nikakukalisha wewe.

Kwa hiyo barua hii sikuiandika ili unisamehe. Ukija kwangu kesho unalia, unanishika shingo, utakuwa umenifanyia vilevile kama kanisa, nami nitapokea, kwa sababu ninapokea upesi mambo ya namna hiyo. Chukua muda wako. Ukae na hasira yako kadiri inavyostahili. Ukinipigia simu, ongea na mama yako kwanza, mimi nitangoja zamu.

Wala sitaki uende ukidhani huna kosa. Clarisse alivunjika mfupa. Uliacha mstari wako bila kuangalia, na barabara haikuwa yako peke yako. Hilo ni lako, libebe, na kila utakapotaka kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, shingo yako ilikumbuke. Lakini liwe la kiasi chake. Mimi sikukufundisha kiasi. Nilikufundisha kujitwisha gunia zima ili watu waseme una nguvu, na gunia lenyewe halikuwa lako lote.

Bado neno moja, na hili ndilo mama yako alilonikalishia hapa. Yule mwalimu wa Lubumbashi alipopiga simu kusema kwamba adhabu yako imekwisha na sasa atakujaribu wewe pia, mimi ndiye niliyepokea. Aliniuliza, "Papa, ni ule mutoto banamuita Makusudi?" Nikaanza kumweleza, mbio mbio, mambo ya dimbwi na ya kamati. Akanikata. "Apana, papa. Nitamuuliza yee mwenyewe." Akaniambia hataki msichana atakayewaangusha wenzake, na kama hataridhika na jibu lako atakurudisha kwa basi lilelile. Sikukuambia hilo la kurudishwa. Nilisema tu amekubali, ukaruka ukamkumbatia mdogo wako, na mimi nikakuacha uruke. Basi sasa unajua. Siku ya kwanza, kabla hujagusa pedali, atakuuliza kama ulifanya makusudi.

Mjibu kwamba hukumwona Clarisse, na hukumwona kwa sababu hukuangalia. Usilie. Usiombe pardon kwa jambo ambalo hajakuuliza. Atanyamaza kidogo, na ule ukimya utakuvuta uongeze kitu, nakujua, umelelewa na mimi. Usiongeze.

Naye atauliza, lazima atauliza, kwa nini basi mbele ya kamati ulisema ni makusudi. Najua utakavyotaka kufanya. Utataka kusema uliogopa, au ulichanganyikiwa, au ulikuwa mtoto, ili mimi nibaki mzee wa heshima huku Likasi. Masengo, mama yangu, nakukataza. Hilo ndilo agizo pekee ninalokupa katika safari hii. Mwambie ni papa yako aliyekuambia useme hivyo, na alikuwa mmoja wa kamati. Mwambie jina langu. Mwambie nilinyoosha mkono wa kwanza. Akitaka namba yangu mpe, nitamjibu saa yoyote. Usinitafutie neno la kunipunguzia.

Ukimaliza kusema, muulize baiskeli iko wapi.

Papa yako